Sanaa Haihamishwi kwa Makaratasi

Kuna watu wanaotaka tuamini kwamba kilichotokea kwenye uwanja wa Highland Estates, hapa Ubaruku wilayani Mbarali, Jumanne ya Novemba 29, 2022, kilikuwa mchezo tu. Ihefu 2, Yanga 1. Pointi tatu zikaandikwa kwenye msimamo, wakulima wakarudi majarubani, habari ikaishia hapo. Nakataa. Kilichotokea siku ile kilikuwa sanaa, sanaa kamili kama ulivyo utenzi au ngoma. Na kwa kuwa wenye mamlaka katika mpira wetu hawajui hivyo, au wanajua na hawajali, mwaka 2024 waliiacha iondolewe mikononi mwetu kana kwamba hakuna kitu kilichopotea.

Anayebishana kuhusu sanaa bila kuitazama kazi yenyewe anabishana na hewa, kwa hiyo tuitazame. Yanga walikuwa hawajapoteza mechi ya ligi tangu Aprili 25, 2021, walipofungwa na Azam. Mechi 49. Walikuja hapa bonde la Usangu kukutana na Ihefu, timu yetu iliyokuwa ikihangaika chini ya msimamo, katika mji ambao wengi wa Dar es Salaam wanaujua kwa mchele wake tu. Yannick Bangala akafunga mapema, na waliozoea kuitazama ligi yetu wakadhani wanajua kitakachofuata. Never Tigere, kiungo kutoka Zimbabwe, akasimama kwenye mpira wa adhabu, akasawazisha. Kipindi cha pili Lenny Kissu akapachika la pili, na mwendo mrefu wa mechi 49 ukaishia hapa, kwenye nyasi za Ubaruku. Asije mtu akasema waliofungwa walikuwa Yanga dhaifu. Ndio hao hao waliotwaa ubingwa msimu ule, na miezi sita baadaye wakacheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika.

Oktoba 4, 2023, Yanga wakarudi Ubaruku na kocha mwingine, Miguel Gamondi. Pacome Zouzoua akawatanguliza. Kissu akasawazisha, Charles Ilanfya akamaliza kazi. Tena 2-1, tena baada ya kutanguliwa.

Sasa nisikilizeni ninyi mnaosema hiyo si sanaa. Hoja yenu ni ya zamani na imeandikwa vizuri kuliko mnavyoisema vijiweni. Mwaka 1974 mwanafalsafa wa Uingereza, David Best, aliigawa michezo mafungu mawili. Upande mmoja aliweka michezo kama kandanda na riadha, ambako lengo linasimama peke yake: bao ni bao, hata likiingia kwa goti. Upande wa pili aliweka sarakasi za mazoezi ya viungo na kuruka majini, ambako waamuzi wanapima namna kitendo kinavyofanyika. Kisha akafunga mlango kwa pande zote mbili. Sanaa, alisema, lazima iweze kueleza fikra kuhusu maisha ya binadamu, na mchezo hauna uwezo huo.

Hilo la bao la goti nalijibu kwa kifupi. Bao la goti na bao la mpira wa adhabu yana hesabu moja kwenye msimamo. Nani mwenye macho atasema yana thamani moja? Yanga wamecheza mechi nyingi tangu siku ile, wameshinda nyingi, na nyingi kati ya hizo hata mashabiki wao hawazikumbuki. Zile mbili za Ubaruku zinasimuliwa mpaka leo, na hazisimuliwi kwa sababu ya pointi.

Hilo la pili, kwamba mchezo hauna la kusema kuhusu maisha, ndilo linaloniudhi, kwa sababu mtu wa Ubaruku hawezi kulisikia akanyamaza. Ihefu ni jina la ardhi oevu iliyo katika bonde hili la Usangu, maji yake yanaulisha Mto Ruaha Mkuu, na mto huo unakwenda mpaka Mtera na Kidatu kuwasha taa za nchi. Kwa zaidi ya miaka 30 sasa kila mto huo unapokauka kiangazi, vidole vinanyooshwa kwetu: wakulima wa mpunga wanamaliza maji, wafugaji wanaharibu Ihefu. Wafugaji wakaondolewa. Mwaka 2008 sehemu ya bonde ikaingizwa ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Katika miaka yote hiyo neno Ihefu likitajwa redioni, lilitajwa kama tatizo la kutatuliwa. Halafu wakatokea vijana wamelivaa jina hilo kifuani, wakijiita Mbogo Maji, wakamwangusha bingwa wa nchi mbele ya watu wa bonde hilo hilo. Jina lililokuwa la lawama likawa la fahari ndani ya dakika 90. Hakuna diwani wala mbunge aliyewahi kulifanya hilo kwa hotuba. Kama hiyo si fikra kuhusu maisha ya binadamu, basi David Best alikuwa na maana ya maisha ya watu gani?

Tena si kandanda peke yake. Mrudieni Filbert Bayi, Februari 2, 1974, mjini Christchurch, New Zealand, fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Wakimbiaji wa mbio hizo walikuwa na desturi yao: unajificha katikati ya kundi, unamwachia mwenzako upepo, unangojea mzunguko wa mwisho ndipo uchomoke. Kijana wa Kitanzania akaidharau desturi hiyo mbele ya dunia. Alitangulia tangu mwanzo, akakimbia mbele peke yake, anawindwa na kila mtu, na hakushikwa. Dakika 3:32.16, rekodi ya dunia, na John Walker wa New Zealand aliyemfukuza mpaka utepe naye akapita chini ya rekodi ya zamani. Bayi hakulazimika kukimbia vile. Angeweza kujificha kama wengine na pengine angeshinda pia. Alichagua namna, na namna ile ilikuwa na maneno ndani yake, kutoka nchi iliyokuwa na uhuru wa miaka 12 tu. Mshairi anapochagua bahari ya kuandikia hafanyi kingine.

Wengine huja na hoja kwamba sanaa haina mshindi na mshindwa, na kwamba ushindani ndio unaoitoa michezo kwenye ukoo wa sanaa. Hao wametoka wapi? Wamelelewa katika nchi gani? Kule Usukuma, ambako majirani zetu wengi wa hapa Usangu walitoka na ng'ombe wao, kuna Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yenye uhasama tangu karne ya 19. Wanacheza uwanja mmoja siku moja, na anayevuta watu wengi upande wake ndiye mshindi. Dawa zinatafutwa, mbinu zinafichwa, mwaka mzima unapita kwa maandalizi. Kuna aliyewahi kusema wale si wasanii? Pwani, malenga wa Mombasa na Lamu walijibizana kwa mashairi karne ya 19, kila mmoja akitafuta kumlaza mwenzake. Miaka ya 1990 Dar es Salaam nzima ilijigawa kati ya vikundi vya Muungano na TOT kwenye mipasho, na ushindani ule ndio ulioinoa taarabu ya wakati ule. Hata shuleni, kwenye UMITASHUMTA na UMISSETA, kwaya na ngoma hushindanishwa pamoja na kandanda na netiboli, na mtoto anarudi nyumbani na kikombe bila kuulizwa alikishinda kwenye sanaa au kwenye michezo. Ukitupa nje kila kitu chenye mashindano, katika nchi hii hutabakiwa na sanaa yoyote.

Lakini hoja iliyo hatari kuliko zote haikutoka kwa mwanafalsafa. Imetoka mahakamani. Oktoba 4, 2011, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ikiamua kesi iliyomhusu Karen Murphy, mwenye baa huko Portsmouth aliyekuwa akionyesha mechi za Uingereza kwa kadi ya Ugiriki, ilisema kwamba mechi ya mpira haiwezi kuhesabiwa kuwa kazi ya ubunifu. Sababu yao? Mpira una sheria, na sheria hizo haziachi nafasi ya uhuru wa kubuni. Miaka 12 baadaye, tarehe ile ile, Ihefu waliwafunga Yanga kwa mara ya pili hapa Ubaruku.

Sheria haziachi nafasi ya kubuni! Basi na shairi la Kiswahili litupwe. Ubeti mmoja una mishororo minne, kila mshororo mizani 16, nane huku na nane kule, kina cha kati na kina cha mwisho, ukipungukiwa na mizani moja wazee wanaguna. Ni sanaa gani duniani iliyofungwa kamba zaidi ya hiyo? Na ni wapi Kiswahili kimeruka juu zaidi ya pale? Muyaka bin Haji alibuni ndani ya kamba hizo, Shaaban Robert akabuni ndani yake, na hakuna jaji aliyewaambia kwamba mizani imewanyima uhuru.

Rudini kwenye mpira wa adhabu. Sheria za kandanda ni 17. Zinasema mpira utulie, zinasema ukuta usimame mita 9.15. Baada ya hapo zinanyamaza. Hazisemi mpigaji aje kwa hatua ngapi, augonge mpira kwa ndani ya mguu au kwa nje, aupandishe juu ya vichwa au aupitishe chini ya miguu ya wanaoruka, aupe mzunguko kiasi gani ili upinde angani na kurudi golini. Hazisemi amtazame golikipa au amfiche macho. Yote hayo ni ya mpigaji peke yake, na ameyafanyia kazi miaka mingi kwenye viwanja visivyo na nyasi, mguu wake ukiwa umejifunza mambo ambayo yeye mwenyewe hawezi kuyaeleza kwa mdomo. Kisha ana pumzi moja ya kuyatoa, mbele ya umati, na hakuna kufuta wala kurudia. Mchoraji akikosea anapaka rangi juu. Tigere hakuwa na nafasi hiyo.

Waliowahi kufikiri vizuri kuhusu jambo hili waliliona zamani. C.L.R. James, Mtrinidadi aliyeandika pia kwa heshima kubwa kuhusu Azimio la Arusha la Mwalimu, alitoa mwaka 1963 kitabu chake Beyond a Boundary, na ndani yake akaweka sura nzima kuuliza sanaa ni nini. Akaiweka kriketi katika ukoo mmoja na tamthilia na dansi, kwa sababu watu wawili wanapokabiliana uwanjani kila mmoja amebeba upande wake wote mabegani, na hiyo ndiyo tamthilia. Michezo ya Olimpiki yenyewe, kuanzia Stockholm 1912 mpaka London 1948, ilitoa medali za fasihi, muziki, uchoraji, uchongaji na usanifu majengo. Pierre de Coubertin, mwasisi wake, alishinda ya fasihi mwaka 1912 kwa majina ya kubuni. Medali hizo ziliondolewa kwa ubishi wa ridhaa na malipo: wasanii walikuwa wakilipwa kwa kazi yao. Fedha ndiyo iliyoitenganisha michezo na sanaa.

Na fedha inasema kweli hata hapa kwetu. Mwaka 2021 Azam Media na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) walitia saini mkataba wa kuonyesha Ligi Kuu kwa miaka 10, shilingi bilioni 225.6. Kama mpira ungekuwa matokeo tu, nani angelipa kiasi hicho? Matokeo yanasomwa redioni kwa nusu dakika. Kinachonunuliwa kwa mabilioni ni namna: chenga, kanzu, pasi iliyoonwa na mtu mmoja kabla ya wengine 21, kelele za jukwaa, uso wa golikipa. Soko limekwisha kukiri kwamba kandanda ni onyesho. Sheria yetu bado. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamtambua mwigizaji, mwimbaji, mpiga muziki na mcheza ngoma. Mcheza mpira hayumo. Tuna Baraza la Michezo kwa sheria ya 1967, Baraza la Sanaa kwa sheria ya 1984, yote mawili chini ya wizara moja, na katikati yao kuna ukuta ambao hakuna anayeweza kueleza ulijengwa kwa faida ya nani. Mtangazaji akiisimulia mechi kwa ufundi, kama alivyofanya marehemu Charles Hilary, tunasema kwa haki kabisa kwamba ni msanii wa maneno. Waliompa cha kusimulia tunawaita nguvu kazi.

Hapa ndipo ninapotaka kufika, na ndiyo sababu ya kuandika haya yote. Ukuta huo uliigharimu Ubaruku timu yake.

Mwaka 2024 Ihefu iliondolewa Mbarali, ikapelekwa Singida kuchezea uwanja wa Liti. Msimu uliofuata hata jina likafutwa, ikawa Singida Black Stars. Sina neno na watu wa Singida. Wanastahili timu na waipende. Wala sibishi kwamba kuendesha timu ya Ligi Kuu ni gharama kubwa, na mwenye fedha ana haki juu ya fedha zake. Ninachobisha ni kwamba utaratibu wetu unaihesabu klabu kuwa leseni. Leseni ina mmiliki, mmiliki anaweza kuihamisha, makaratasi yakikamilika jambo limekwisha. Mbarali nzima ilikuwa na nini kwenye makaratasi hayo? Hatukuwamo. Watu waliokuja uwanjani kutoka Rujewa, Igawa, Chimala na Igurusi, kwa bodaboda, kwa kenta na kwa miguu, wakasimama juani kuikuza timu hiyo tangu ligi za chini, wakaipandisha 2020, wakaishuhudia ikishuka 2021, wakaipandisha tena 2022, watu hao katika hesabu ya leseni ni sifuri.

Kwenye hesabu ya sanaa si sifuri. Ngoma haina maana bila wanaoizunguka. Bagika wakihamishiwa ng'ambo ya bahari, wakabadilishiwa jina na nyimbo, atakayewatazama ataona watu wanacheza, lakini ngoma yenyewe itakuwa imebaki Usukuma na wale walioifahamu. Dunia inalijua hilo. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 wa kulinda urithi wa utamaduni usioshikika, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2011, haubagui michezo: mieleka ya mafuta ya Kırkpınar ya Uturuki imo kwenye orodha yake tangu 2010, na mbio za ngamia za Oman na Falme za Kiarabu tangu 2020. Urithi huo unatambulika kwa jamii inayoubeba. Tulitia saini maneno hayo, kisha tukaiacha timu ya bonde zima iondoke kama mzigo wa mpunga unaopakiwa kwenye lori.

Wasioamini kwamba inawezekana kufanya tofauti waitazame Wimbledon ya London. Klabu yao iliruhusiwa mwaka 2002 kuhamia Milton Keynes, ikahamia 2003, ikabadili jina. Mashabiki hawakukaa kulia. Mwaka 2002 huo huo wakaunda AFC Wimbledon, wakaanza ngazi ya tisa, na mwaka 2011 wakaingia kwenye ligi za kulipwa. Lakini linalonigusa mimi zaidi ni la 2007: klabu ya Milton Keynes ilikubali kuachia vikombe na historia ya Wimbledon, ikiwamo kumbukumbu ya Kombe la FA la 1988, vikakabidhiwa kwa halmashauri ya Merton, nyumbani kwao. Wachezaji na daraja vilikuwa vimekwisha kwenda. Historia ikarudi kwa wenyewe.

Hapa Nyanda za Juu Kusini tunajua timu kufa. Tukuyu Stars walitwaa ubingwa wa nchi mwaka 1986, msimu wao wa kwanza, kisha wakaporomoka. Inauma, lakini ukienda Rungwe leo jina ni lao na ubingwa ni wao, mzee anaweza kumwonyesha mjukuu wake mahali waliposimama. Lipuli ya Iringa ilifika fainali ya Kombe la FA mwaka 2019, leo haisikiki, na Iringa bado wanasema yetu. Sisi hatukuporomoka. Tulikuwa Ligi Kuu, tulikuwa tumemfunga bingwa mara mbili kwenye uwanja wetu, na ndipo tukachukuliwa hata jina.

Nawaambia TFF na Bodi ya Ligi: wekeni kanuni. Klabu isihamishwe mkoa wala kubadilishwa jina bila wanachama na halmashauri ya wilaya inakotoka kusikilizwa na kura yao kuhesabiwa. Mwenye fedha akitaka kuhama, ahame na wachezaji na nafasi ya ligi, jina na rekodi vibaki. Nawaambia madiwani wa Mbarali: msingojee Dar es Salaam. Picha za siku zile mbili zipo kwenye simu za watu, jezi zipo kwenye masanduku, waliokuwepo wapo hai. Zikusanyeni, tengeni chumba, wekeni kumbukumbu. Nalo jina la Ihefu ni la bonde hili, lilikuwepo kabla ya leseni yoyote. Liombeni lirudi, ipeni timu ya vijana wa kata zetu, hata ianzie ligi ya wilaya. Baraza la Michezo na Baraza la Sanaa nao wakae meza moja, watamke bila kigugumizi kwamba anayecheza mpira kwa ufundi ni msanii na klabu ya mahali ni urithi wa mahali.

Mabao manne ya Ihefu yaliyowaangusha Yanga, mawili mwaka 2022 na mawili mwaka 2023, yalifungwa Ubaruku. Popote yatakapoandikwa, yaandikwe Ubaruku.